Wakutubi wachora ramani ya wanaojua magonjwa ya mimea

UGONJWA wa mahindi wa MLN ulipozuka Bomet mnamo Septemba 2011, mkulima aliyeona majani yakikauka kabla ya magunzi kujaa alikuwa na swali moja: ni nani anayeujua ugonjwa huu?

Jibu halikuwa nchini pekee. MLN hutokea virusi viwili vinaposhambulia mmea mmoja kwa pamoja, na ulikuwa umeonekana katika jimbo la Kansas, Marekani, tangu 1976. Makala ya kitaalamu ya 2012 iliyothibitisha kuwa umeingia Kenya iliandikwa kwa ushirikiano wa watafiti wa KARI (sasa KALRO), kituo cha kimataifa cha mahindi na ngano, CIMMYT, na wenzao wa Marekani. Mwaka uliofuata, kituo cha kupima mbegu zinazostahimili ugonjwa huo kikafunguliwa Naivasha.

Ushirikiano wa aina hiyo ndio ambao wakutubi wa vyuo vikuu vingi duniani sasa wanauchora kwa kompyuta.

Mkutubi huanza kwa kukusanya orodha ya makala zote kuhusu jambo fulani, mathalani magonjwa ya mahindi. Kisha huziingiza katika programu kama VOSviewer, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, au Gephi, iliyoanzia Ufaransa. Zote mbili hupatikana bila malipo. Kila mwandishi huwa nukta, na wawili walioandika pamoja huunganishwa kwa mstari. Kadiri wanavyoshirikiana zaidi, ndivyo mstari unavyonenepa.

Picha hiyo husomeka kama soko. Kuna makundi ya wanaouziana wenyewe kwa wenyewe, na kuna mtu mmoja anayeunganisha makundi mawili, kama dalali kati ya shamba na mji. Mtu huyo akistaafu bila kuacha mrithi, makundi hayo huenda yakapoteana. Kwa anayetoa pesa za utafiti, hilo ni onyo la mapema.

Hata hivyo, ramani inaweza kupotosha. Jina moja likiandikwa kwa namna tatu, kompyuta huhesabu watu watatu. Ndiyo sababu wakutubi huwahimiza watafiti wachukue ORCID, nambari ya tarakimu 16 iliyoanza kutolewa 2012. Aidha, makala ya watu 5 huzaa mistari 10, lakini ya watu 50 huzaa 1,225. Mradi mmoja mkubwa unaweza kumfanya mtu aonekane kigogo ilhali alichangia kidogo.

Upungufu mkubwa zaidi ni wa wasioonekana kabisa. Afisa wa kilimo aliyezunguka mashambani, au mkulima aliyetoa robo ekari ya majaribio, kwa kawaida hawaandikwi miongoni mwa waandishi. Majarida mengi ya Afrika pia hayamo katika hifadhi kubwa za kimataifa ambako orodha hizo huchukuliwa. Kwa hivyo ramani huonyesha walioandika, wala si wote wanaojua.

Pamoja na hayo, ramani hii ina faida kwa vyama vya ushirika na wauzaji wa pembejeo. Chama kinachotaka kushauriwa kuhusu ugonjwa mpya kinaweza kuiomba maktaba ya chuo kikuu kilicho karibu maelezo ya mambo matatu: ni nani nchini ameandika kuhusu ugonjwa huo, anashirikiana na nani nje, na makala yake ya mwisho ni ya mwaka gani. Majibu hayo yakilinganishwa na anayoyajua afisa wa kilimo wa wadi, chama kitajua pa kupiga simu kabla ya msimu kupotea.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Kinachosaidia ni kujua vidole vingine viko wapi.