Hodi ya Pande Mbili: Mteja na Mtambo wa Fedha katika Ukanda wa Dhahabu

Mtu afikaye mlangoni hupiga hodi, na mwenye nyumba huuliza, "Nani?" Ajibuye "Mimi" hajasema kitu, isipokuwa kama sauti yake yajulikana humo ndani. Katika tendo hili dogo yamo mambo matatu, nayo Kiswahili kimeyatenga vizuri kwa vitenzi vyake. Kujitambulisha ni kutaja jina. Kuthibitisha ni kutoa ishara ionyeshayo kuwa jina hilo ni la msemaji kweli. Kuruhusu ni kufungua mlango. Mafundi wa mitambo ya mawasiliano huyatenga vivyo hivyo, na madhara mengi hutokea pale mtu anapolichukua la kwanza badala ya la pili. Namba ya simu, kwa mfano, ni jina tu; si ushahidi wa lolote.

Tofauti hiyo ina uzito wa pekee katika mikoa ya Shinyanga na Geita. Kabla ya mgodi mkubwa wa Geita kuanza kazi mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu mwaka uliofuata, wachimbaji wadogo walikuwa wamekwisha kujaa Nyarugusu, Rwamgasa na pande za Kahama, na hata leo wamo. Mwenye duara hutoka mkoa mmoja, mwenye karasha mkoa mwingine, na mama lishe awapikiaye pengine ametoka mbali kuliko wote. Vijijini mwa Usukuma mgeni aliulizwa atokako na aendako kwa nani. Na mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi, Sungusungu walioanzia pande hizo walifanya kazi wakijua nyuso za watu wao. Machimboni uso haujulikani, na fedha haikai. Dhahabu ikiuzwa asubuhi, jioni sehemu ya bei yake yatakiwa ifike kwa mke, kwa mzazi au kwa mdai aliye mbali. Ndiyo sababu huduma ya M-Pesa, iliyoanza Kenya mwezi Machi 2007 na kuingia Tanzania kwa Vodacom mwezi Aprili 2008, pamoja na nyingine zilizoifuata, zilipata wateja wengi huko.

Sasa na itazamwe jinsi mtambo umtambuavyo mteja. Ndani ya laini ya simu umo ufunguo wa siri, na nakala yake imo katika mtambo wa kampuni. Ufunguo huo haupitishwi hewani hata mara moja. Simu ikitaka kuingia katika mtandao, mtambo huipelekea namba ya kubahatisha, isiyoweza kukisiwa. Laini huichanganya namba hiyo na ufunguo wake kwa hesabu maalumu na kurudisha jawabu. Mtambo nao hufanya hesabu ileile, kisha hulinganisha. Mwizi aliyeyasikiliza mazungumzo hayo hafaidiki nayo, maana kesho namba itakuwa nyingine na jawabu jingine. Ni ufundi mzuri, na ni rahisi kuliko usemavyo umaarufu wake.

Lakini ulikuwa na upungufu. Katika simu za kizazi cha pili, ambazo ndizo nyingi za kitochi, mtambo humhoji mteja, wala mteja hauhoji mtambo. Mwenye kusimamisha mnara wa bandia huweza kuita simu za jirani nazo zikaitika. Kanuni za kizazi cha tatu, zilizotolewa kuanzia mwaka 1999, zilirekebisha hilo: mtambo nao hutakiwa kutoa ishara, na laini huikagua kabla ya kujibu. Hodi ikawa ya pande mbili. Isidhaniwe kuwa kazi hiyo ni nyepesi. Mwaka 1978 Roger Needham na Michael Schroeder waliandika taratibu za kutambuana kwa namna hiyo, nazo zikasifiwa na wajuzi. Hata hivyo mwaka 1995 Gavin Lowe alionyesha kuwa mmoja wa utaratibu huo waweza kumruhusu mtu wa tatu ajifanye mwingine. Miaka kumi na saba ilipita katikati.

Laini ikishatambuliwa, bado mwenye laini hajatambuliwa, kwa kuwa simu huibwa. Hapo ndipo iingiapo namba ya siri. Mteja wa M-Pesa abonyezapo *150*00# hufungua kikao: mtambo huuliza, naye hujibu, mpaka aweke namba yake ya siri. Kila neno la kikao hicho limefungwa kwa laini iliyokianzisha, na kikiisha, uaminifu wake wote umekwisha pamoja nacho. Jambo la kuangaliwa sana ni nani aliyeanza. Mteja aliyebonyeza mwenyewe amemchagua wa kusema naye. Lakini huduma ya pande mbili huuwezesha upande wa pili nao kuanza: ujumbe huingia, au simu hulia, na msemaji hudai kuwa ni kampuni. Kikao kile cha kwanza hakipo tena. Huyu mpya ametaja jina tu.

Matapeli wameujua mlango huo. Ujumbe wao ulioenea Tanzania ni mfupi: ile hela itume kwenye namba hii. Hautaji jina la mtu, wala hauhitaji. Machimboni karibu kila mtu yuko mtu anayemngoja amtumie fedha, na msomaji mwenyewe ndiye ajazaye jina. Mwingine hupiga simu akisema yeye ni wa huduma kwa wateja, na kuomba namba ya siri ili "kurekebisha muamala". Mteja aliyezoea kuulizwa kila siku, asiyepata kuzoezwa kuuliza, hujibu.

Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza tarehe 1 Mei 2019, na laini zisizosajiliwa zilianza kufungwa baada ya tarehe 20 Januari 2020. Ulisaidia kujua laini ni ya nani. Lakini kidole kilichowekwa siku ya usajili hakisemi ni nani aishikaye simu leo. Tena usajili ulimthibitisha mteja kwa mtambo, ambako ushahidi haukuwa umekosekana zaidi. Haukumpa mteja ushahidi wowote juu ya ampigiaye.

Kilichompa kitu ni mambo madogo. Akibonyeza *106# huona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, na ujumbe wa utapeli huweza kuupeleka kwa namba 15040. Akipigiwa na ajiitaye kampuni, aweza kukata na kupiga mwenyewe namba aijuayo, ili aliyeanza awe yeye. Na pale huduma imwonyeshapo jina la mpokeaji kabla ya kuomba namba ya siri, mtambo humjibu swali ambalo ujumbe wa tapeli ulimficha: mchimbaji wa Rwamgasa aliyekusudia kumtumia mamaye huliona jina la mtu asiyemjua, na kidole chake bado hakijabonyeza.