Akiba hii huoza

Ndugu wasikilizaji, wahenga walisema akiba haiozi. Wiki hii nitazungumzia akiba moja ambayo huoza, tena upesi: umeme tunaouweka katika betri.

Wakazi wa Dar es Salaam hawahitaji kuelezwa maana ya mgawo. Tuliupata mwaka 1994, ukarudi 2006 na 2011. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kuzalisha umeme mwaka 2024, lakini bwawa halizuii mti kuangukia waya wala transfoma kuungua. Ndiyo maana mwenye saluni, muuza vocha na hata mama wa nyumbani hufika Gerezani na Kariakoo kutafuta betri na inveta, ili umeme ukikatika kazi isilale.

Tatizo huanzia hapo dukani. Wengi wetu hununua betri ya gari, mara nyingi iliyokwisha kutumika, kwa kuwa bei yake ni nafuu. Betri ya gari ilitengenezwa kwa kazi moja: kuwasha injini. Vibati vyake vya ndani ni vyembamba na vingi, ili itoe nguvu kubwa kwa sekunde chache. Kisha injini huanza kuijaza tena. Ukiitumia kuwasha televisheni usiku kucha mpaka ikauke, vibati huharibika. Ukiiacha tupu kwa siku kadhaa, chumvi ngumu hujijenga juu ya vibati hivyo, na chaja haiwezi tena kuiondoa. Baada ya miezi michache unarudi dukani.

Betri ya kazi hii ni ile ambayo wauzaji huiita betri ya sola. Vibati vyake ni vinene, nayo huvumilia kutumika taratibu kwa saa nyingi. Lakini hata hiyo haipendi kumalizwa. Itumie nusu, kisha uijaze siku hiyo hiyo.

Sasa tupige hesabu. Tuseme betri ni ya volti 12, na ubavuni imeandikwa 100Ah. Zidisha 12 kwa 100, upate wati-saa 1,200. Nusu yake ni 600. Inveta nayo hula sehemu yake, hivyo hesabu 500. Kinyozi mwenye mashine ya wati 15, taa mbili za wati 10 kila moja na televisheni ya wati 50, anatumia wati 85. Akiba yake itamfikisha karibu saa 6. Akizima televisheni, anabaki na wati 35, na akiba ile ile itamfikisha saa 14. Kwa hiyo, kabla ya kununua betri kubwa zaidi, tazama kwanza ni kitu gani kinachokula umeme wako bila sababu.

Mambo mengine mawili. Betri ya maji iongezwe maji maalumu yanayouzwa kwa kazi hiyo, si ya bomba. Na isichajiwe katika chumba cha kulala, kwa sababu wakati wa kuchaji hutoa gesi inayoweza kulipuka ikikutana na cheche.

Ndugu wasikilizaji, betri iliyokufa haiishii mlangoni pako. Ndani yake mna tindikali na madini ya risasi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na watoto ndio wanaoumia zaidi, kwani sumu hiyo hudhuru ubongo unaokua.

Haya si mambo ya mbali. Huko Mombasa, katika kitongoji cha Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi mwaka 2007, ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Phyllis Omido, aliyeajiriwa hapo, aligundua kwamba mwanawe mchanga ana risasi katika damu. Akaanza kupaza sauti. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Lakini fidia haimrudishii mtoto akili aliyopoteza.

Hivyo basi, betri yako ikifa usiipasue uani, usimwage maji yake mtaroni, wala usimpe kijana aichome moto ili apate risasi ya kuuza. Muulize aliyekuuzia kama anapokea betri kuukuu, au itafute kampuni yenye kibali cha kukusanya taka za hatari.

Anayenunua betri isiyofaa kwa kazi yake hupoteza fedha mara mbili kwa mwaka, na kila mara huongeza sumu moja mtaani. Anayenunua inayofaa na kuitunza, huokoa mfuko wake pamoja na watoto wa jirani.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.