Vifaru vya Kilobaiti 24: Kweli au Uongo?

Mchana wa Mangobo, hapa Kisangani, chini ya bati, televisheni ya kichogo imewekwa juu ya kreti tupu ya soda na watoto sita wanagombea maneti mbili. Jenereta inakohoa nyuma ya ukuta. Kwenye kioo kuna kifaru cha njano, kifaru cha kijani, matofali mengi, na tai mmoja aliyekaa chini katikati, asiyeruka wala kukimbia. Mchezo wenyewe ni Battle City. Kama umekulia Kisangani, Bukavu au Dar es Salaam, huenda umeucheza bila kujua jina lake. Mliuita vifaru tu, yakaisha. Na hadithi zake umezisikia. Leo tuzichambue.

"Ni mchezo wa Wachina." Uongo. Ulitengenezwa na Namco ya Japani mwaka 1985 kwa ajili ya Famicom, mashine ya Nintendo, na ulitokana na mchezo wao wa mashine za sarafu wa 1980, Tank Battalion. Kilichotoka Taiwan na China ni visanduku vya bei rahisi vilivyoiga Famicom bila ruhusa ya mwenyewe. Kituko ni kwamba mashine ya Nintendo iliyouzwa Marekani haikuwahi kuletewa mchezo huu. Kwa hiyo Mmarekani aliyelelewa na mashine halisi anaweza kuwa hajawahi kuusikia, ilhali mtoto wa hapa kwetu Tshopo anaujua kama njia ya kwenda kwa bibi yake.

"Kaseti ina michezo 9,999,999." Uongo, na wewe mwenyewe unajua. Teremka kwenye orodha: baada ya kurasa chache vifaru vinarudi, safari hii vimepewa jina jipya na vinaanzia hatua ya mbele kidogo.

"Kaseti ikigoma, ipulize." Uongo, ingawa sote tumepuliza. Kinachoiponya ni kuichomoa na kuirudisha. Meno yake ya chuma yanasuguana upya na kushikana vizuri. Pumzi haina dawa yoyote ndani yake, ina unyevu, na unyevu huleta kutu. Nintendo yenyewe imekataza kupuliza. Sisi tunaoishi jirani na Ikweta, ambako hata hewa imelowa, tuna sababu zaidi ya kutumia pamba na spiriti.

"Kifaru kinachometameta kina zawadi." Kweli tupu. Kila hatua ina vifaru 20 vya adui, na kinachometameta ni cha 4, cha 11 na cha 18. Wakubwa zetu walilijua hilo bila kitabu, kwa kuhesabu kwa vidole tu. Waliposema pia kwamba ukiokota nyota tatu risasi yako inavunja hata ukuta wa chuma, walisema kweli. Heshima yao.

"Ukimaliza hatua ya 35 unaonyeshwa mwisho." Uongo. Unarudishwa kwenye ramani ya kwanza, ukingojwa na maadui wagumu kuliko wa mwanzo. Aliyekuambia alimwona rais akimpa mshindi medali alikuwa anakutania.

"Michezo ya risasi ndiyo inayozaa wapiganaji." Uongo, nami nalisema katika mji unaojua risasi ni nini. Majeshi ya Rwanda na Uganda yaliyopigana hapa siku sita, tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, hayakujifunzia kwenye maneti. Waliorusha makombora juu ya mapaa yetu walikuwa majeshi yenye makamanda, yakigombea mji na mali yake, almasi ikiwemo. Mwaka 2020 chama cha wanasaikolojia cha Marekani kilitamka kwamba ushahidi hautoshi kuihusisha michezo hii na vurugu za kweli. Kilikubali jambo moja dogo: inahusiana na ukali wa kupigiana kelele na kusukumana. Hapo mama anayelalamikia ugomvi hakukosea. Watazame hao sita.

Uvumi huu una ndugu yake: "PlayStation 2 ndiyo iliyotuletea vita vya koltani." Huyu ana nusu ya ukweli. Tantali inayotoka kwenye koltani huingia ndani ya simu, kompyuta na mashine za gemu. Bei yake ilipaa mwaka 2000, mwaka uleule PlayStation 2 ilipotoka Japani tarehe 4 Machi, na wenye bunduki kule Kivu walivuna. Lakini vita vilikuwa vimeanza Agosti 1998, na bei ilipoporomoka mwaka uliofuata, bunduki hazikunyamaza. Mashine moja haiwezi kubebeshwa dhambi za wote.

Limebaki lile ninalolisikia kwa vijana wenye simu kubwa: "Mchezo wa bei rahisi hauna utamu." Uongo mtupu. Battle City yote, ramani, muziki na vifaru, ni kilobaiti 24. Picha moja ya simu yako inaweza kuwa kubwa mara mia. Hapakuwa na nafasi ya mapambo, basi akili yote ikawekwa kwa yule tai unayemlinda. Risasi yako mwenyewe inaweza kumuua. Matofali unayoyavunja kwa kumkimbilia adui ndiyo yaliyokuwa yakimkinga. Na mwenzako akikupiga kwa bahati mbaya hufi, unaganda tu kwa muda, ukitazama kifaru cha adui kikipita pembeni yako kuelekea kwa tai. Mimi sijaona mchezo wa mamilioni ya dola unaogombanisha ndugu wawili kwa ustadi kama huo.

Kuna na jambo la umeme. Kisanduku hiki hakihifadhi chochote, ungedhani ni balaa katika mji wetu. Wala. Pale Mangobo petroli iliisha vijana wakiwa hatua ya 12. Ilipoletwa chupa nyingine na kioo kikawaka, yule wa kifaru cha njano alifika kwenye ukurasa wa hatua ya kwanza, akaanza kugonga kitufe cha A, mbili, tatu, nne, namba inapanda, wenzake wakihesabu kwa sauti, hadi 12.