Feni Nayo Ipande Mizani

Mkoa wa Singida unajulikana kwa upepo wake. Mavuno yakiisha, sisi akina mama husimama uwanjani na ungo, tukamimina uwele au alizeti kutoka juu, na upepo ukachukua makapi bila malipo. Lakini zipo siku upepo hugoma. Ndipo hutokea mfanyabiashara na feni ndogo ya betri, akituambia kwamba itapepeta nafaka na kupuliza jiko la mkaa pia. Inanguruma kweli kweli! Je, tutoe fedha ya nyumbani kwa sababu ya mngurumo?

La, wapendwa. Tuipime kwanza. Upepo hauonekani kwa macho, lakini msukumo wake husomeka kwenye mizani ile ile tunayopimia unga wa keki.

Mwingereza Isaac Newton alieleza mwaka 1687 kwamba kitu kikisukuma kingine, nacho husukumwa nyuma kwa nguvu iyo hiyo. Feni ikirusha hewa juu, hewa huikandamiza feni chini. Basi tufanye hivi:

1. Tufunge milango na madirisha, maana upepo wa Singida utavuruga kipimo.

2. Tuweke kopo refu juu ya mizani isomayo gramu, na juu ya kopo tuifunge feni ikitazama juu. Kopo huipa feni nafasi ya kuvuta hewa kutoka chini.

3. Betri ikae pembeni, na waya ulegee usiivute mizani.

4. Tusome uzito feni ikiwa imezimwa, kisha ikiwa inazunguka. Tofauti ndiyo msukumo.

Mathalani, kama mizani ilisoma gramu 400 ikapanda hadi 412, msukumo ni gramu 12, yaani nyutoni 0.12 hivi. Turudie mara tatu, tuchukue wastani. Vidole, nywele na ncha za kanga vikae mbali na mapanga ya feni.

Kati ya feni mbili zenye upana sawa, ile yenye gramu nyingi ndiyo inayosukuma hewa kwa nguvu zaidi, hata kama ni kimya. Na betri zikichoka tutaiona tofauti upesi: kasi ya mzunguko ikipungua kwa nusu, msukumo hubaki robo tu.

Tena, mji wa Singida uko mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani. Feni ikizunguka kwa kasi ile ile, hapa husukuma pungufu kwa karibu sehemu moja kati ya saba. Kwa hiyo sifa alizozisikia shangazi kule Dar es Salaam zisitutoshe. Tupimie hapa hapa.

Kazi hii tusiwaachie wavulana peke yao. Binti ashike mizani, asome, aandike, na atoe hesabu mwenyewe. Aliyekwisha kuupima upepo jikoni kwa mama yake hatalikimbia somo la fizikia, na kesho hatadanganywa kirahisi sokoni.

Kitabu cha Mithali kinasifu mizani ya haki. Mara nyingi tunaikumbuka habari hiyo tunapouza. Tuikumbuke na tunaponunua, kwa maana fedha ya nyumba ni amana tuliyokabidhiwa.