Umenunua nyumba Mabawa: uanze na msamaha upi wa kodi?

Ukinunua nyumba Mabawa, hapa Tanga, majirani wa barazani watakwambia ukimbie kuomba msamaha wa kodi ya jengo. Wanakutakia mema, ila wanakuelekeza kwenye hela ndogo kuliko zote. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2023, nyumba ya kawaida inakatwa shilingi 1,500 kwa mwezi kupitia mita ya umeme ya LUKU, yaani 18,000 kwa mwaka. Ghorofa ni 7,500 kwa mwezi kwa kila sakafu, yaani 90,000 kwa mwaka. Upo msamaha mwingine, wa muuzaji, unaoweza kufikia milioni na zaidi, nao unapotea siku ya mauziano bila mtu kuutaja.

Tuchukue mfano wa nyumba ya milioni 40. Muuzaji aliinunua na kuikarabati kwa milioni 26, kwa hiyo faida yake ni milioni 14. Kodi ya ongezeko la mtaji ni asilimia 10 ya faida kwa mkazi wa Tanzania: hapo ni milioni 1.4. Asipokuwa na karatasi za kuonyesha gharama zake, sheria iliyobadilishwa mwaka 2023 inamtoza asilimia 3 ya bei au ya thamani iliyoidhinishwa na mthamini, ile iliyo kubwa. Kwa milioni 40 hiyo ni milioni 1.2. Lakini Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inamwondolea kodi hii mtu anayeuza nyumba aliyoimiliki mfululizo miaka mitatu au zaidi, akaishi humo kwa jumla ya miaka mitatu, na faida yake haizidi milioni 15. Muuzaji wa mfano wetu, kama aliimiliki na kuishi humo mwenyewe miaka hiyo mitatu, hadaiwi kitu.

Mnunuzi inamhusu nini? Inamhusu kwa sababu ya maneno ambayo dalali huyasema haraka wakati wa kukubaliana bei: "Kodi zote juu yako." Kisheria kodi hiyo ni ya muuzaji, ila bila uthibitisho wa Mamlaka ya Mapato (TRA) kwamba imelipwa au haidaiwi, uhamisho wa hati unakwama, na anayetaka hati ni wewe. Wengi hulipa ili mambo yaishe. Milioni 1.4 ni kodi ya jengo ya nyumba ya kawaida kwa zaidi ya miaka 77. Kwa hiyo kabla ya kushikana mikono, muulize muuzaji ameishi humo tangu lini na ana karatasi gani: mkataba wake wa kununulia, barua ya mtendaji wa mtaa, risiti za mafundi na za vifaa. Kama alikuwa akiishi kwingine na hapa akipangisha, msamaha huo hana, basi kodi yake iingie kwenye mazungumzo ya bei waziwazi.

Ushuru wa stempu, takriban asilimia 1 ya bei, hauna njia ya mkato kwa mnunuzi wa kawaida. Kwa milioni 40 weka kando kama 400,000. Utashauriwa uandike milioni 20 kwenye mkataba ili ulipe nusu. Kataa. Kwanza ni kosa kisheria. Pili, siku utakapouza kwa milioni 50, vitabu vitasema umepata faida ya milioni 30, wakati ya kweli ni 10. Kwa kuokoa laki mbili leo, utakuwa umejifungia msamaha wa milioni 15 na kujiandalia kodi ya milioni tatu.

Sasa turudi kwenye kodi ya jengo. Tofauti na Florida kule Marekani, ambako mwenye nyumba anayeishi humo mwenyewe huomba punguzo hata akiwa kijana mwenye mshahara, Tanzania kununua nyumba ya kwanza hakukupi msamaha wowote. Nyumba za udongo na za makuti za kuishi hazitozwi. Nyumba ya matofali ya mtu binafsi husamehewa kwa kumtazama mwenyewe: awe amefika miaka 60 au ana ulemavu, hana chanzo cha kipato, anaishi humo, na ni nyumba moja tu. Ndiyo maana msamaha wa mzee aliyekuuzia, wewe huurithi. Na mama wa miaka 64 aliyenunua nyumba ya kijana ataendelea kukatwa mpaka apeleke maombi, kwa sababu mita haijui kama mwenye nyumba amebadilika.

Mzee akiomba, abebe kitambulisho cha NIDA, namba ya mita, hati au mkataba wa mauziano, na barua ya serikali ya mtaa inayosema anaishi hapo. Aanzie kwa mtendaji wa mtaa, aulize ofisi gani inapokea maombi kwa sasa, maana tangu Julai 2016 kazi hii ilipotoka halmashauri kwenda TRA, taratibu zimebadilika zaidi ya mara moja. Kama anapangisha vyumba vya uani, ajiandae kuulizwa, kwa kuwa pango ni kipato. Shilingi 18,000 zinaonekana ndogo kwa mwenye mshahara, ila kwa bibi anayenunua umeme wa 2,000 kwa 2,000, makato ya 1,500 yanakula karibu tokeni nzima. Haki yake hiyo aisimamie, na sisi watoto tumsindikize mpaka dirishani.

Wanaofanya kazi Dar es Salaam au Muscat wakimnunulia mama nyumba Mabawa hujiuliza waandike jina la nani. Likiwa la mtoto, mama si mmiliki, na msamaha haupo hata akiwa na miaka 80. Likiwa la mama, msamaha unawezekana, lakini nyumba inakuwa mali yake, na siku akitangulia itagawanywa kwa warithi wote. Uchague jina kwa sababu za kifamilia na za mirathi. Kwa 18,000 kwa mwaka, kodi isiwe ndiyo inayoamua.

Kuna hela nyingine inayovuja, na hii haihitaji uwe mzee. Nyumba zetu za Kiswahili, zenye ukumbi wa katikati na vyumba huku na huku, mara nyingi zina mita zaidi ya moja: ya mwenye nyumba, ya wapangaji wa mbele, ya banda la uani. Mita tatu zikikatwa zote, unalipa 4,500 kwa mwezi, 54,000 kwa mwaka, kwa nyumba inayodaiwa 18,000. Peleka namba zote tatu, uombe ibaki moja. Na kama inayokatwa ni ya mpangaji, mrudishie kwenye pango, kwa kuwa kodi ni ya mwenye nyumba.

Kabla ya kulipa bei ya nyumba, nunua umeme kidogo kwa mita ya muuzaji, kisha usome ujumbe wa tokeni mstari kwa mstari. Mwezi usionunuliwa umeme haufuti kodi. Nyumba iliyokaa tupu miezi kumi ina deni la 15,000 linalomsubiri atakayenunua umeme.

Deni la kodi ya pango la ardhi ndilo zito zaidi, kwa kuwa linafuata kiwanja na hukua kwa riba. Mwaka 2022 serikali ilisamehe riba kwa waliomaliza deni la msingi, lakini huwezi kununua nyumba kwa kutegemea msamaha kama huo urudi. Ng'ambo ya mpaka wa Horohoro, kule Mombasa nchini Kenya, mnunuzi hudai cheti cha kaunti kuonyesha kiwanja hakidaiwi, na bila hicho uhamisho hausajiliwi. Hapa Tanga ulizia mwenyewe ofisi ya ardhi ya Jiji kwa namba ya kiwanja na kitalu, upate deni kwa maandishi. Likiwepo, muuzaji alilipe kwa namba ya malipo ya serikali, na sehemu ya bei ibaki mkononi mwako mpaka uione risiti.