Mgeni wa Bukene: Maji Kwanza, Soko Baadaye

Walimu na wauguzi wanaohamishiwa Bukene, wilayani Nzega, huja na watoto wadogo, na swali lao la kwanza huwa ni soko. Sisi twasema: ulizeni maji kwanza.

Mvua zetu huanza Novemba na kukatika kati ya Aprili na Mei. Kiangazi visima hupungua, na wengine hutegemea malambo wanamokunywa pia ng'ombe. Maji hayo, hata yakionekana maangavu, yachujwe kwa kitambaa safi, yachemshwe hadi yatokote, kisha yahifadhiwe katika mtungi wenye mfuniko. Mtume (s.a.w.) alituamrisha kufunika vyombo, na akakataza kukojoa katika maji yaliyotuama. Mtoto ni amana. Kumnywesha maji mabichi ni kuihatarisha amana hiyo.

Ama chakula, kiangazi huliwa kilichoanikwa. Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa vikiwa vibichi. Matobolwa huchemshwa kwanza. Nsansa ni majani ya kunde yaliyokaushwa, nayo huungwa kwa karanga na kuliwa kwa ugali. Mgeni asivione vyakula hivi kuwa vya unyonge. Katika karne ya 19, misafara baina ya Bagamoyo na Ujiji ilishiba kwa jasho la wakulima wa Unyamwezi, na wageni wale nao wakatuachia mpunga na miembe.

Nasi wenyeji tusingoje kuombwa. Siku jirani mpya anaposhusha mizigo, tumpelekee ndoo ya maji yaliyochemshwa.