Mlango wa Nasari Hauzuii Vijidudu

"Sista, si mrudishe tu ile sheria ya korona, wazazi wakae nje mpaka mtoto apate nguvu?" Nimeulizwa hivyo na shosho kutoka Ngong, nikaulizwa na wakili wa hapa Karen, na juzi na baba ambaye mwanawe wa gramu 1,400 alihitaji kifua chake kuliko dawa yoyote niliyokuwa nayo kabatini. Wote wanaamini jambo moja: mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake yuko salama akifungiwa kwenye inkyubeta, mbali na ndugu zake. Hapana.

Mnaogopa vijidudu. Vizuri, tuviongelee. Klebsiella, bakteria wanaoua wachanga wengi katika nasari za hospitali za Afrika, hawangoji koti la baba ili waingie. Wako kwenye sinki, kwenye mipira ya kupumulia, na kwenye mikono yetu sisi wahudumu tunaotoka kwa mtoto huyu kwenda kwa yule. Mama anamshika mtoto mmoja tu, wake. Muuguzi wa zamu ya usiku katika hospitali ya umma anaweza kuwa na zaidi ya kumi. Sasa niambieni, tumtoe nani?

Ushahidi tunao, na hautoki mbali. Hospitali 5 za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, Muhimbili ikiwemo, zilifuatilia watoto 3,211 wa kilo 1 hadi chini kidogo ya 1.8. Matokeo yalitoka 2021. Waliowekwa kifuani mwa mama mara tu baada ya kuzaliwa, mama akikaa nao humo humo kwenye chumba cha mahututi, vifo vyao vilikuwa pungufu kwa robo kuliko wenzao waliosubiri kwanza hali itulie. Waliodhaniwa kupata maambukizi ya damu walikuwa wachache pia. Narudia: mama alikuwa ndani, na maambukizi yakapungua.

Na hiyo sheria mnayoitamani, mnajua ilikuwaje kwetu Kenya? Kafyu ilianza 27 Machi 2020, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Mtoto njiti hula kila baada ya saa tatu. Mama akisharuhusiwa kwenda nyumbani, kafyu haikumwacha arudi usiku; mlo wa saa tatu usiku, wa saa sita na wa saa tisa ulibaki wa muuguzi: bomba la sindano limeinuliwa juu, maziwa yanateremka polepole kwenye mpira wa puani, huku mkono mwingine umeshika simu iliyofungwa kwenye plastiki ili mama aone. Maziwa hayaji kwa kutazama simu. Yakikauka tulibaki na ya kopo; benki ya maziwa ya mama iko hospitali ya Pumwani tangu 2019, haiko kila hospitali.

Shirika la Afya Duniani halikuagiza hayo. Lilisema mama mwenye korona avae barakoa, anawe, amnyonyeshe na kumkumbatia mwanawe. Hata hivyo, katika wahudumu waliohojiwa kwenye nchi 62, thuluthi mbili walisema mama aliyeambukizwa au aliyeshukiwa hawakumruhusu kumweka mtoto kifuani kama kawaida. Woga ulitushinda, dunia nzima.

Haya, la kufanya, upesi maana zamu inaanza. Vua pete na saa, nawa hadi kwenye viwiko. Una homa au unahara? Baki nyumbani, mtume baba au shosho. Kifua chao nacho kina joto. Njoo na shati la vifungo mbele, bila manukato. Kamua maziwa angalau mara nane kwa siku, usiku ukiwemo. Mtoto yuko kwenye oksijeni? Uliza hata hivyo, mara nyingi inawezekana. Chupa za maji moto, maji ya glukosi na dawa za gesi ziacheni nyumbani. Kucha ndefu tutazikata mlangoni, kikata kucha ninacho.